Filimbi ya baba

Asubuhi hiyo ya Agosti 2018 niliingia hospitali na bahasha kwapani, kama mtu anayekwenda mahakamani na hati ya kiwanja. Ndani mlikuwa na picha za mgongo wangu: mbili za eksirei, na moja ya MRI niliyoifuata Kampala kwa pesa ambazo zingeninunulia cherehani ya pili. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, mtu aniwekee kidole pale palipovunjika.

Boda ilikuwa imenimwaga miaka miwili kabla, hapa kwetu Walukuba, Jinja, siku ya mvua. Nilitua kwa kiuno. Michubuko ikapona, waliokuja kunipa pole wakasahau, maumivu yakabaki. Kazi yangu ni ushonaji, na fundi cherehani hukaa. Ikifika saa nne asubuhi moto ulikuwa umeshashuka kutoka kiunoni hadi kisiginoni, nami nakanyaga pedeli kwa mguu mmoja.

Nilitibiwa na kila mtu. Nilikandwa, nikaombewa, nikauziwa mkanda mpana wa kiunoni ulionibana hadi pumzi. Na sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu! Kuna kliniki nilikuwa naingia Jumamosi, nageuza paja kabla sijaulizwa naumwa nini. Siwezi kumlaumu muuguzi peke yake, maana alipojaribu kunipa vidonge nilimwambia sikuja kunyonya peremende. Niliendelea hivyo hadi choo changu kikawa cheusi kama lami. Tumbo lilikuwa linavuja damu.

Ndipo nikaelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilimkuta binti wa rika la kifungua mimba wangu. Akaipokea bahasha, akaiweka mezani, hakuifungua.

“Mama, picha nitaziona. Kwanza vua viatu, utembee hadi dirishani.”

Niliudhika, lakini nikatembea. Akanigonga magoti, akaniinua miguu mmoja mmoja, akaniuliza nalala saa ngapi na nani ananisaidia nyumbani. Ni miezi mingapi sijalala usiku kucha? Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwishowe akazitoa picha, akaziinulia kwenye mwanga.

“Hii diski, kile kijito laini kati ya pingili za mgongo, imetokeza kidogo, lakini mshipa wa fahamu haijaubana. Tukiwapiga picha wale walio nje wasioumwa kitu, wengi tutawakuta nayo.”

(Sikumwamini. Baadaye mwanangu alinitafutia utafiti wa Marekani wa 1994: watu 98 wasioumwa mgongo walipigwa MRI, na zaidi ya nusu walikutwa na diski iliyotokeza.)

“Kwa hiyo mgongo ni mzima, ila mimi ndiye mwongo?”

Hakujibu haraka. Aliniuliza baba yangu alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia alikuja kutoka Busia upande wa Kenya, akawa mlinzi wa usiku kiwandani, na Kiswahili hiki tunachoongea Walukuba nilikipata kwake. Kisha nikamsimulia, sijui kwa nini, kuhusu wezi. Usiku mmoja walivunja ghala zamu ikiwa yake, wakampiga. Aliporudi kazini hakuwa mlinzi yuleyule. Paka akipita, filimbi. Bati likigongwa na upepo, filimbi. Wenzake walikuwa wakitoka mbio na marungu na kukuta ua mtupu.

“Ile filimbi ilikuwa ya uongo?” akauliza yule binti.

“Uongo gani? Mtaa mzima tuliisikia.”

“Na mwizi?”

Nikanyamaza.

Akasema mwili huponya jeraha kama langu kwa wiki au miezi michache, na ndiyo maana maumivu yanayovuka miezi mitatu huitwa sugu na kutazamwa kwa jicho lingine. Mishipa ya fahamu na ubongo huwa vimezoea kulinda. Hofu, usiku bila usingizi na kukaa bila kujongea huzidi kuvitia wasiwasi. Sindano ya kumfukuza mwizi haimtulizi mlinzi.

“Baba yako alitulizwa na nini?” akauliza.

“Walimpa mwenzake wa kuzunguka naye. Kidogo kidogo.”

Hapo akasimama, akavuta jerikeni ya lita 5 kutoka chini ya meza. Ilikuwa ya njano, imejaa maji, kifuniko chake kimepotea na mahali pake pamezibwa na ndizi mbichi, kama tunavyofanya wote. Akaniambia niinue. Nilikuwa sijainua kitu kizito kuliko mkasi kwa mwaka mzima. Nilishika mpini nikaona kucha zangu zimekuwa nyeupe kwa hofu, na sijaivuta hata kidogo. Akangoja. Nikainua. Iliuma. Nikaiweka chini, maji yakamwagikia vidole vya miguu, na mgongo ulikuwa bado mahali pake.

“Mara tano kila siku,” akasema. “Ikiuma kidogo, endelea. Wiki ijayo mara saba.”

Daktari wake aliniandikia pia nusu ya kidonge cha amitriptilini cha miligramu 25, usiku. Muuza dawa alinitazama kwa huruma, akanong'ona kwamba hiyo ni ya wenye huzuni ya kupindukia. Nilirudi mbio, niko tayari kuwauliza kama wananiandalia kitanda Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikaelezwa kwamba kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu na kuleta usingizi. Ilinikausha mdomo kama mtu aliyekula maembe mabichi, lakini usiku wa nne nililala hadi adhana.

Lita 20 nilizifikia baada ya miezi saba. Mgongo bado unauma, hasa Januari, sare za shule zinaponijaa hadi mlangoni. Kila nusu saa nainuka, nakwenda hadi bombani na kurudi, wateja wakinuna. Ule mkanda mpana nafungia marobota ya vitambaa.