Uvimbe unaojua tarehe

Leo nimepanda matatu Kondele, nikainua mkono kushika chuma cha juu, wala sikukunja uso. Mara ya kwanza tangu Pasaka.

Uvimbe ulianza kama kokoto kwapani, upande wa kulia. Wa duka la dawa akasema jipu. Mama akasema mtoki, akanikanda kwa maji moto na chumvi hadi nikaona nyota mchana. Nikameza antibayotiki, uvimbe ukanywea, nikausahau. Mwezi uliofuata ukarudi, mwekundu, unachoma kama pasi. Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu, kila kitu nakiandikia tarehe, ila huu niliuandikia mara ya tatu tu. Kumbe unakuja siku nne kabla ya hedhi, kama mwanachama anayedai zamu yake.

Halafu hedhi yenyewe ikapotea. Sidiria nayo ikaanza kulowa maziwa, na kitinda mimba wangu yuko darasa la tatu! Hapo ndipo nilipoogopa.

Aliyenipiga picha ya altrasaundi alizungusha kile kidude mara mbili, tatu. "Mama, hili si jipu. Ni nyama ya titi." Nikacheka. Titi kwapani?

Daktari akanichorea kwenye karatasi. Mtoto akiwa tumboni, wiki ya sita hivi, huota mistari miwili kutoka kwapa hadi kinena, kisha yote hufutika isipokuwa pale kifuani. Kwa wanawake wawili hadi sita katika kila 100, kipande husalia, mara nyingi kwapani. Kinasikia homoni kama titi lolote: kinavimba, kinashika maambukizi, hata saratani kinaweza kupata. Kwa hiyo sindano ikaingia kutoa sampuli, nami nikakaa siku kumi bila usingizi wa maana. Haikuwa saratani.

Damu ilionyesha prolaktini, homoni ya maziwa, iko juu. Akauliza ninameza nini. Nikamtolea mkobani vidonge vya kichefuchefu ninavyojinunulia tangu mwaka jana kwa ajili ya tumbo langu hili. Akavishika, akatikisa kichwa. Vinapandisha homoni hiyohiyo. Kuvimeza miezi yote hiyo bila kuuliza mtu ni ujinga wangu mwenyewe, simlaumu yeyote.

Jioni nikamsimulia mama. Akanyamaza, akaweka chini sinia la omena, akainua mkono wa kushoto.

"Nyara, binti yangu, hebu shika hapa. Mimi nilidhani ni mafuta."

Tunaenda naye Alhamisi.