Fundo la Mama

Talaka yangu aliileta mtoto. Nilikuwa nimekuja kwetu Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, kumuuguza mama, siku ya nne tu, kijana wa jirani ya mume wangu akapiga hodi. Aliniamkia kwa adabu, akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akapanda baiskeli yake akaondoka. Nikaisomea mlangoni. Mwaka ulikuwa 1996, nami nina miaka 26.

Ndoa ilikuwa ya miaka sita na hatukujaliwa mtoto. Mwaka ule wa mwisho mavyaa, mama wa mume wangu, hakuwa akinitaja kwa jina. Alisema "yule". Yule kashapika? Yule yuko wapi? Mtu akiitwa hivyo kila siku hufika mahali akaanza kujiita hivyo mwenyewe, na mimi nilifika. Nilikaa eda nikiwa na hakika kwamba Mungu alikuwa ameniumba nusu, akanisahau.

Mama hakunibembeleza kwa maneno. Alikuwa dhaifu bado, kifua kinambana, lakini aliniweka uani tukatwanga makumbi ya nazi. Yale makumbi huzikwa kwenye tope la pwani miezi mingi mpaka yaoze, na ukiyafukua harufu yake haitoki mkononi kwa sabuni. Yakishatwangwa nyuzi zinasokotwa kamba za usumba. Nilijifunza kazi hiyo kabla sijajua kusoma. Tulisokota miezi mitatu, mara nyingi kimya, na leo naamini ndiyo iliyonizuia nisiharibikiwe na akili.

Eda ilipokwisha, shangazi alikuja alfajiri akasimama dirishani. "Bamvua limeingia. Utalala mpaka lini?"

Bamvua ndizo siku maji yanapokupwa mbali kabisa. Akanipeleka kwenye mwani. Ule mwani wa kulimwa ulikuwa bado mgeni kwetu, mbegu yake ilitoka Ufilipino mwaka 1989, na wanaume wengi walikuwa wameshauacha wakaona fedha yake ndogo. Wanawake ndio waliobaki nao. Unachomeka vijiti viwili mchangani, unavuta kamba kati yake, na kwenye kamba unafunga vitawi vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unaanika, unauza kwa mizani. Wanunuzi walituambia unakwenda Ulaya na Marekani kutiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Sisi wenyewe hatukuwa tukiula.

Shangazi alinipa kamba kumi za kuanzia. Baada ya miezi nilikuwa na arubaini. Sikupendezwa kwanza na fedha, nilipendezwa na saa. Maji hayamngoji mtu: yakipwa una saa chache tu, kisha yanarudi. Usipokwenda siku za bamvua, majani mengine yanasonga kamba zako na samaki wanakula mbegu. Kwa mara ya kwanza tangu ile karatasi, palikuwa na kitu kilichokuwa kikinihitaji mimi niende, siku ile, saa ile.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, kusi lilivuma usiku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nikashuka pwani na wenzangu. Mwani ulikuwa umerundikana ufukweni, vijiti vimeng'oka, kamba zimesokotana kama nywele. Kule baharini kwenye shamba langu palikuwa maji matupu. Wenzangu walianza kuokota. Mimi nilikaa chini mchangani nikalia, na siyo kwa ajili ya mwani peke yake. Ile sauti ya "yule" ilirudi yote. Nikajiambia, hata bahari imenikataa.

Sijui nilikaa muda gani. Mwanamke mmoja wa upande wa kusini wa kijiji, tuliyekuwa tukisalimiana tu, akanijia na kamba imemning'inia begani, inadondosha maji. Akaiweka miguuni kwangu.

"Hii yako."

Nikamuuliza kajuaje, maana kamba zetu sote zilikuwa za rangi moja, tumepewa na mnunuzi mmoja.

"Fundo," akasema. "Tazama zangu, zimebaki uzi mtupu. Hii imeshika kila tawi. Nimeona nyingine kule kwenye mikoko zimefungwa hivi hivi. Nani kakufundisha?"

Nikaitazama ile kamba. Lilikuwa fundo la usumba, lile la mama. Unazungusha mara mbili, ncha inarudi kupita chini yake yenyewe. Bahari haiwezi kulifungua, ila mkono unaolijua unavuta ncha moja tu likaachia. Nilikuwa nikilifunga hivyo bila kufikiri, kwa sababu ndilo fundo nililolijua.

"Mama," nikamjibu.

"Basi tuonyeshe na sisi."

Wakaja watatu, wakawa saba, shangazi akiwemo. Ikanibidi nilifunge polepole ili niione mikono yangu mwenyewe inafanya nini. Mmoja alikosea mara nne, akaniambia, "Rudia, mwalimu," na hakuwa akifanya mzaha. Maji yalipoanza kujaa tukasogea juu, yakajaa tena tukasogea. Kwenye mikoko tukazipata kamba zangu kumi na moja zikiwa na mwani wake, na mbegu ile ndiyo tuliyogawana kupandia upya.

Nilirudi nyumbani jioni, nguo zimekauka na chumvi mwilini. Mama alikuwa ameegemea ukuta wa uani. Nikamweleza yote, kisha nikampa kamba moja niliyokuja nayo. Akaipitisha vidoleni fundo kwa fundo, akasimama kwenye moja karibu na mwisho.

"Hapa umelegeza," akasema. Akalifungua, akalifunga upya, akanirudishia.

Siku tatu baadaye bamvua likaingia. Nilikuwa dirishani kwa shangazi kabla yeye hajaamka.