Siku moja maishani mwangu: nauza umeme wa paundi tano

Watu wakisikia nafanya kazi ya duka Uingereza wanadhani nasimama tu kwa kaunta nauza maziwa na sigara, na wale wa nyumbani Mombasa wanadhani hata kusimama sisimami. Nimeandika Jumatatu moja yote ya Januari 2026, mniwie radhi nikianza kuchanganya saa huko mbele manake siku yenyewe ilinichanganya.

Saa kumi na robo alfajiri simu inalia. Baridi ya Januari. Mimi na mume wangu tumekubaliana hita ni masaa mawili tu na ni jioni (yeye ni nesi wa shifti za usiku, mimi nimekuja kwa viza yake), kwa hivyo asubuhi ni sweta juu ya sweta na leso ya mama kiunoni chini ya suruali ya kazi, usicheke. Basi la kwanza limejaa kina mama wa usafi na wale wa kulea wazee majumbani, kila mtu amelalia dirisha.

Saa kumi na mbili duka liko wazi. Mikate, magazeti, maziwa, nimepanga, nimemaliza. Mafundi wa ujenzi wamechukua vinywaji vyao vya nguvu wakaenda.

Duka letu liko kwenye mtaa wa nyumba za kaunsili pembeni mwa Leicester. Wazee wa hapa wanakuita "me duck", bata wangu, na wiki ya kwanza nilikasirika kabisa nikidhani natukanwa kumbe ndo mapenzi yao. Bosi ni Mhindi aliyezaliwa Jinja, akaja mtoto mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza, na baraza la mji huu lilikua limeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije Leicester, nafasi hakuna. Walikuja hivyo hivyo. Namwita Mzee, yeye ananiita dada, na Kiswahili chake ni kile cha dukani cha zamani, "dada lete ile sanduku, weka huko". Mara ya kwanza kumsikia nilitaka kulia.

Sasa Jumatatu. Jumatatu kwetu ni siku ya mita.

Hapa kuna watu wengi wanaolipa umeme na gesi kwanza ndo watumie, kama tokeni za kwetu, lakini wenye mita za zamani hawanunui kwa simu. Unakuja dukani na kifunguo cha plastiki cha umeme na kadi ya gesi, mimi nachomeka kwa mashine, unalipa, unaenda kuchomeka kwako. Usiku na wikendi mita ya umeme haikati hata salio likiisha, inakukopesha kimya kimya, watoto wanaangalia tivii, maji ya moto yapo, halafu Jumatatu kama saa tatu saa nne, tap, giza. Saa tatu na nusu laini ilikua imefika kwenye friji ya maziwa.

Na wanaongeza kidogo kidogo. Tano. Tatu. Kuna mzee mmoja kila siku paundi mbili, kila siku, nilimuuliza kwa nini asiweke kumi na nne mara moja ajipunguzie safari, akaniambia bata wangu, nikiweka kumi na nne nitaitumia yote, nikiweka mbili najua leo ni mbili. Sasa huyo mwambie hajui kupanga bajeti.

Saa nne hivi akaingia mama mmoja, kijana tu, mtoto kwenye kigari na mwingine anavuta koti. Alitaka gesi ya kumi na umeme wa tano. Gesi ikaingia. Kifunguo cha umeme kikakataa. Nikakitoa, nikakifuta kwa kitambaa, nikachomeka, kikakataa. Nikakisugua kwenye suruali pale kwenye kile kichuma, hiyo ni mbinu nimefunzwa na Mzee na mara nyingi inafanya kazi, nikapuliza, nikachomeka polepole, mashine ikaandika haisomi. Kifunguo kikishakufa duka haliwezi kitu, lazima apigie kampuni yake ya umeme wampe namba, ndo mimi nimpe kifunguo kipya kutoka kwa droo. Simu yake haina chaji, atachaji wapi na nyumbani ni giza? Nikampa ya duka. Tukaweka spika pale juu ya kaunta kando ya sanduku la michango, mziki ukaanza, ile piano inayorudia, na kila dakika mbili sauti inasema simu yako ni ya maana sana kwetu.

Dakika thelathini na tano. Mimi nauza tumbaku huku piano inalia, napokea paseli huku piano inalia, mtoto ameanza kulia naye, mkubwa ameshika chokoleti anamwangalia mamake, na mamake anatingisha kichwa bila hata kumtazama, yaani anajua tu.

Nyuma yake alikua mzee mmoja wa gazeti, mteja wa siku nyingi. Akaanza chini chini halafu akapandisha sauti. Ati watu wa siku hizi hawajui kupanga pesa. Ati mama yake alilea watoto sita na mshahara mmoja na hakuomba mtu. Halafu akaangalia vidole vya yule mama, na ni kweli kucha zilikua zimepakwa, rangi ya waridi, mbili zimebanduka nusu, akasema kumbe za kucha zipo. Yule mama hakujibu. Masikio yalikua mekundu mpaka shingoni.

Na mimi nikanyamaza, na hapa ndo kazi yetu ilipo ngumu, manake chini ya kaunta kuna daftari. Mzee anahubiri kutwa kwamba wao walikuja na paundi hamsini na masanduku na hakuna aliyewabeba, mtu ajitegemee, lakini daftari la mkopo liko pale kama duka lolote la Kongowea kule Mombasa, na kwenye daftari hilo yule bwana wa mshahara mmoja yuko ukurasa wa pili, paundi 23 na peni 40, tumbaku na gazeti tangu kabla ya Krismasi. Naijua namba. Naijua kama namba yangu ya simu. Nikampa gazeti lake, nikamwambia asante, akaenda. Daftari ni kama faili la daktari, haisemwi.

Lakini sitaki kujifanya malaika. Kuna kijana mwezi wa kumi na mbili aliweka umeme wa paundi mbili halafu akanunua kadi ya kukwangua ya bahati ya paundi tano, akaikwangua hapo hapo kwa peni, hakuna kitu, akaondoka. Nilimsema moyoni siku nzima na mpaka leo naona alikosea. Na pakiti ya sigara inapita paundi kumi na tano, ukimuuzia mtu hiyo na baadaye anakuomba mkate wa daftari, wallahi kitu kinapanda kifuani. Ila nikipiga hesabu zangu, hata angeacha zote, kuna kodi ya nyumba na kuna ile mita. Lee Anderson, mbunge wa Ashfield si mbali na hapa, mwaka 2022 alisema bungeni mtu anaweza kupika chakula kwa peni 30 hivi kwa siku. Sawa, mimi ni mtu wa maharagwe, nakubali. Masaa mawili ya gesi ya kuyachemsha yako kwenye hesabu gani?

Kampuni wakapokea, wakatoa namba, nikampa kifunguo kipya, nikaweka tano yake, akasema asante mara tatu akaondoka. Nikaenda chooni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Saa sita, saba, sijui. Mzee akatoka stoo nikala wali baridi nimesimama. Kuna mwalimu mstaafu huja kwa mkate, nikamhadithia yale ya kucha, akacheka akaniambia ugomvi huo ni wa zamani: mwaka 1899 Seebohm Rowntree, wa ile familia ya kiwanda cha chokoleti York, alituma watu mlango kwa mlango mjini humo, akakuta karibu asilimia 28 ya watu ni maskini, akawagawa mafungu mawili, wale ambao hata wakipanga kila peni haitoshi, na wale ambao ingetosha kama isingeenda kwingine, pombe na mengineyo. Na tangu hapo, akasema, Waingereza wanagombana nani yuko fungu gani.

Halafu yule mama akarudi. Safari hii si mpole. Ametupa kadi ya gesi juu ya kaunta, ati nimemwibia, ameweka kumi na mita inaonyesha moja na peni themanini. Laini yote inaniangalia, Mwafrika wa kaunta ameiba. Moyo ulikua unadunda lakini hiyo naijua, nikamwuliza taratibu, mpenzi, siku za kabla ya wikendi uliwasha gesi? Hakuwasha, alikua hana. Basi, mita ya gesi ina ada ya kila siku, wakati huo kama peni 35 hivi, umetumia hujatumia, na haina huruma, inaandika deni kimya kimya, ukija kuweka hela inajilipa kwanza, pamoja na mkopo wa dharura aliochukua kwenye mita wikendi. Yaani alidaiwa kwa kutopika. Nilimwandikia kwenye karatasi ya risiti, hii imeenda hapa, hii hapa. Akaitazama sana. Akasema lakini nilikua nabana matumizi. Nikakosa la kusema nikamwambia samahani, kama vile mita ni yangu.

Oktoba 2021 kikomo cha bei cha serikali kwa nyumba ya kawaida kilikua paundi 1,277 kwa mwaka, umeme na gesi. Januari hiyo ya 2026 kilikua 1,758. Mishahara nayo imepanda, mimi nilikua napata kima cha chini, 12.21 kwa saa, na Aprili ingekua 12.71, sikatai. Yule mama ana watoto watatu na pesa ya msaada ya serikali ilikua inahesabu wawili, sheria ya 2017, hiyo nayo ilikua iondolewe Aprili. Aprili, Aprili, kila kitu hapa ni Aprili na watu wanaoga leo.

Mzee alikua amesikia yote. Hakusema neno. Akachukua kadi, akaweka gesi ya tano, akafungua daftari akaandika, halafu akaanza kumgombeza yule mama kwa nini hapigii kampuni wampangie lile deni alipe kidogo kidogo, kwa nini anakaa kimya, mtu mzima lazima aulize! Akamgombeza kama binti yake. Mama akaondoka analia na kadi mkononi na Mzee akanigeukia, "dada, wewe nasimama nini, maliza stika."

Stika ni zile za njano za kupunguza bei jioni. Kuna watu wanazijua saa zake kuliko mimi, wanazunguka zunguka kwa friji wakijifanya wanasoma kopo la supu. Mwenzangu wa jioni alichelewa, basi lilikua limeharibika, kwa hivyo shifti iliyokua iishe saa tisa ikaisha saa kumi na mbili kasoro, giza tayari, miguu imevimba mpaka viatu vinabana.

Kwa basi mdogo wangu ametuma ujumbe, karo ya mtoto, nyinyi wa majuu mnatusahau. Sikujibu hapo hapo. Viza yangu imeandikwa wazi kwamba misaada ya umma si yangu, kwa hivyo mimi nikianguka hata fungu la Rowntree sina. Nilimtumia paundi thelathini nilipofika, nikapasha wali, nikawasha hita, nikakaa sakafuni mgongo kwenye radieta nikamsubiri mume wangu aamke aende kazini tupishane mlangoni.

Kesho maziwa yanaletwa saa kumi na moja na nusu na dereva hasubiri.