Mbwa wa Foreman

Asubuhi ya 30 Oktoba 1974 baba aliwasha redio kabla hata ya kuvaa buti zake za kazi, tusikie pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Kinshasa ilikuwa saa kumi usiku; kwetu Lubumbashi saa kumi na moja, mama yuko nje anapepea mbabula ya mkaa. Foreman alipoanguka raundi ya 8, mtaa wetu wa Katuba mzima uliitika: "Ali, boma ye!" yaani, Ali, muue! Nilikuwa na miaka tisa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Foreman alishuka Kinshasa na mbwa mkubwa, wa aina ile waliyotembea nayo askari wa Wabelgiji enzi za ukoloni. Baba alikuwa na kovu kwenye kifundo cha mguu. Hakuwahi kutusimulia, alisema tu, "Mtu mweusi mwenzetu, anatuletea mbwa wa vile?" Basi. Jirani alikuwa na mbwa mwenye upele. Tukambandika jina Foreman, tukawa tunamrushia mawe kila jioni. Maskini yule mbwa.

Chuki ile niliitunza miaka hamsini. Mwaka 1994 Foreman alimwangusha Michael Moorer akarudisha taji akiwa na miaka 45, amevaa kaptula ileile nyekundu aliyopigiwa Kinshasa. Nikamwambia baba ni bahati tu. Nikasikia pia kwamba aliwahi kuacha ngumi akawa mhubiri huko Houston. Wahubiri hata sisi tunao.

Alifariki 21 Machi 2025. Kesho yake, Jumamosi, tunakula bukari na sombe, mjukuu wangu akanisogezea simu. "Kambo, huyu si yule wa mbwa?"

Ilikuwa video ya 1997, Marekani. Filamu ya pambano lao la Kinshasa imepata Oscar, na Ali anaitwa jukwaani. Ugonjwa wa kutetemeka umeshamkamata. Anayemsaidia kupanda ngazi ni Foreman.

Miaka yake ya mwisho, baba nilikuwa namshika hivyo kumpeleka msalani. Kumshika mtu mzima kuna namna yake: ukimvuta, umemwaibisha. Unampa mkono kama vile wewe ndiye unayeogopa kuanguka, halafu unangoja mguu wake uamue wenyewe. Hilo hufundishwi na mtu, na lile jitu lilikuwa linalijua.

Bukari ukapoa mkononi.

"Rudisha nyuma kidogo," nikamwambia mjukuu. "Pale kwenye ngazi."