Okidi nyekundu nimeipata Mtwara, kwa msaada wa mwani

Wale wanaowaambia watu wamwagilie okidi maji ya misumari yenye kutu ili ichanue nyekundu, hayo maji wakaoshee baiskeli. Wekundu wa ua hutoka kwa wazazi wake, na ushahidi ninao, unaning'inia kwenye mwarobaini wangu hapa Shangani, Mtwara.

Mzazi mwekundu nilikuwa naye tayari: Renanthera, okidi ya Asia ya Kusini-Mashariki. Inapenda jua kali, kwa hiyo Mtwara haikuipa shida. Ila maua yake ni membamba, na mimi nilitaka ua pana la Vanda, okidi nyingine, lenye wekundu ule. Muuza maua mmoja, tena kwa kujiamini kweli, akaniambia, "Mpandishie Vanda nyeupe, kaka. Nyeupe haina rangi yake, nyekundu itatawala." Miaka ikakatika nikimwagilia asubuhi na jioni. Zilipochanua, zote waridi. Waridi la kufifia, la kukufanya uone haya kuita majirani.

Wekundu wa Renanthera ni rangi mbili zilizolaliana: anthosayanini, ambayo peke yake inaelekea zambarau, na chini yake njano ya karotini. Chovya kanga nyeupe na kanga ya njano katika rangi ileile ya zambarau, uone ipi itakaribia wekundu. Nyeupe ilininyang'anya njano yangu. Basi mara ya pili mama akawa Vanda ya njano.

Kuchavusha ni kijiti cha meno tu, hakuna la kueleza. Lakini epuka msimu wa salfa. Jirani akianza kupulizia mikorosho yake kuzuia ubwiri unga, vumbi lile halichagui ua la nani. Tunda likishika, liache. Linakaa miezi mingi, na kulibinyabinya hakuliharakishi.

Uhondo uko kwenye chupa. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula. Porini hulishwa na kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba inaota bila kuvu, ukiipa sukari na madini ndani ya agari, ule ute wa mwani unaoganda kama jeli. Bei ya agari ya maabara nilipoiulizia Dar, nikakata simu kwa adabu. Halafu nikajicheka. Agari si mwani? Na mwani si umeanikwa pwani yetu yote hii?

Nikamwendea mama mmoja mkulima wa mwani, akanipa aina iitwayo spinosum. Niliuchemsha mpaka nikachoka, ukatoka uji. Ukiinamisha chupa, mbegu zinaogelea. Nikarudi kwake. "Mwanangu, ungesema unataka wa kushikana," akacheka, akanitafutia aina nyingine, kotonii, ambayo siku hizi ni ya kubahatisha maana haipendi maji yakizidi joto. Hiyo niliiosha kwa maji baridi na kuianika, nikarudia mpaka ikawa nyeupe na ulimi hauonji chumvi. Hapo usione uvivu, chumvi ni sumu kwa miche. Nikaichemsha polepole, nikaichuja kwa kitambaa, nikatia sukari, mbolea ya maji kiasi kidogo sana, dafu, na ndizi mbivu iliyopondwa. Ndizi ndiyo ujanja wenyewe: ina potasiamu, na kotonii ikikutana na potasiamu inakaza. Ilipopoa niligeuza chupa juu chini mbele ya mke wangu, haikudondoka hata tone. Akauliza kama inaliwa.

Chupa zilikuwa za jamu, zikapita kwenye presha kuka. Mbegu nilizipanda ndani ya boksi la plastiki lililofutwa kwa spiriti, feni imezimwa, nimevaa glovu, jasho linachuruzika. Ukungu ulinila chupa kadhaa, huo ni ushuru wa kila mtu. Zilizobaki zikatoa vidonge vya kijani, kisha majani. Gharama yote ya chupa haikufika laki, ukiondoa gesi ambayo mke wangu bado anaihesabu.

Miche haikufanana. Mingi imechanua rangi ya chungwa, mingine ina madoa ya kahawia yasiyopendeza. Mmoja ni mwekundu hasa, ua pana, petali nene, na katikati njano kidogo imechungulia. Ya chungwa nauza elfu kumi na kitu, tutaelewana. Mwekundu hauzwi hata mkija na pesa za korosho: nimeshampandisha tena na Renanthera ili rangi izidi kukolea, na tunda limeshika.