Kine na mtu wa chukudu: siku yangu katika chumba cha mahututi, Goma

Saa 11:30 alfajiri. Natoka mtaa wa Ndosho kwa moto, yaani pikipiki, nimejifunga kitambaa puani. Wakati wa kiangazi vumbi la mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo linaingia hata kwenye meno.

Saa 1:30. Wauguzi wa usiku wanatukabidhi wagonjwa. Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Wengi hapa wakisikia kine wanafikiri kukanda mgongo; mama mkwe wangu mpaka leo anawaambia majirani kwamba kazi yangu ni kukanda watu. Wagonjwa wangu wana maambukizi makali ya mapafu, na asubuhi hii wako wanne.

Saa 2:00. Mama aliyelazwa usingizi wa dawa, mashine inampumulia. Hata hivyo namwambia kila ninachofanya: "Mama, ni mimi, sasa nakunja goti la kuume." Viungo vikiachwa tu vinakauka, na visigino vinatoboka vidonda. Kisha tunamgeuza alale kifudifudi. Tuko watano. Anayeshika kichwa na mrija wa kupumulia ndiye anayehesabu, na hakuna mwingine anayefungua mdomo. Akilala hivyo, sehemu ya nyuma ya mapafu inapata hewa. Tunalenga saa 16 kwa siku, kama walivyofanya kwenye utafiti wa Ufaransa uliotangazwa 2013.

Saa 3:30. Huyu ndiye ninayemfikiria hata nikiwa nyumbani. Ni mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo; anateremsha viazi kutoka upande wa Kibumba. Anayejua chukudu anajua kazi yake: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma ardhi siku nzima. Mke wake anasema paja lile lilikuwa kama gogo. Leo ni siku ya tisa kitandani, na ngozi ya paja inacheza kama suruali ya kuazima. Homa, dawa na kulala vinakula misuli upesi sana kwa mgonjwa mahututi. Nampima nguvu za mikono na miguu, miondoko sita kila upande, kila mmoja alama 0 hadi 5. Jumla kamili ni 60, na chini ya 48 tunahesabu kwamba udhaifu umeshaingia. Yeye amepata 38.

Naangalia kwanza: anapumua mara 26 kwa dakika, oksijeni ya damu asilimia 93, presha imetulia bila dawa ya kuipandisha. Tunamketisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Oksijeni inashuka mpaka 91, si mbaya. Ananiangalia na kunong'ona, "Nisimame." Nilipaswa kusema bado. Nikasema haya, papa, jaribu.

Alisimama kwa kitambo kidogo tu. Oksijeni 86. Pumzi 38, midomo imebadilika rangi. Tukamrudisha, nikaongeza oksijeni, nikainua kichwa cha kitanda, nikabaki nimeshika kifundo cha mkono wake. Dakika nne ndipo ikarudi 92, na dakika nne hizo ni ndefu. Mke alikuwa mlangoni. "Kine, unataka kuniulia bwana? Mtu mgonjwa anaachwa apumzike!"

Sikumjibu kwa vitabu. Lakini vitabu navyo viko upande wake kidogo: utafiti mkubwa wa 2022, wagonjwa 750 waliokuwa kwenye mashine, katika nchi sita, ulionyesha kwamba kuwasukuma kwa nguvu zaidi na mapema zaidi kuliko kawaida hakukuwaongezea siku za kuishi nje ya hospitali, na matukio mabaya yaliongezeka. Kuanza mapema bado nakuamini. Ila asubuhi ile kilichomsimamisha ni kiburi chake na changu.

Saa 7:00. Bugali na sombe, haraka. Umeme unakatika, sote tunanyamaza mpaka grupu, yaani jenereta, ingurume.

Saa 8:30. Narudi kwake, na safari hii namwita mke akae karibu. Tunamketisha tu. Naweka kiganja changu chini ya wayo wake wa kuume: "Papa, hii ni barabara. Sukuma." Anasukuma. Mke anahesabu, moja, mbili, mpaka nane, halafu tunapumzika, halafu nane tena. Oksijeni haikushuka chini ya 90. Kisha anakohoa akikumbatia mto, makohozi mazito yanatoka. Mke anayafuta kwa kitenge chake kabla sijapata karatasi; namwonyesha mahali pa kunawa mikono.

Saa 10:00. Naandika faili: kesho kiti, dakika kumi, asisimame. Mke anamsimulia kwamba chukudu sasa inaendeshwa na mdogo wake. Anafungua macho.

"Magurudumu yangu ameyapaka grisi vizuri lakini?"

Maneno sita, bila kukata pumzi. Asubuhi alikuwa na moja moja. Nayo nimeiandika kwenye faili.