Kiboko wa Hutto

Wiki ya kwanza tumehamia Hutto natoka alfajiri kuwahi kazini nikakuta kiboko kwenye bustani ya jirani. Wa zege, kapakwa rangi ya chungwa na nyeupe, mdomo wazi. Mi mtu wa Magu, Tanzania, kando ya Ziwa Victoria, kule kiboko hachezewi, baba mdogo mtumbwi wao ulipinduliwa na kiboko usiku wakiwa wanatega nyavu, yeye akaogelea akapona, mwenzake hakuonekana mpaka kesho yake. Sasa hapa watoto wanampanda mgongoni wapigwe picha. Nilisimama pale dakika kadhaa.

Wenyewe wanatamka Hato. Ni Texas, kama kilomita 40 kutoka Austin, barabara ya 79, katikati ya Round Rock na Taylor. Reli ndo iliyozaa mji, mwaka 1876 ilipita kwenye ardhi ya mfugaji mmoja tajiri, James Hutto, stesheni ikapewa jina lake na jina likabaki. Habari ya kiboko wanasema ilikuwa 1915, treni ya sarakasi ilisimama stesheni kunywesha wanyama, kiboko akachoropoka akaenda kujilaza kwenye tope la kijito, wakahangaika naye weee, mpaka mkuu wa stesheni ikabidi apige telegramu stesheni za jirani wasimamishe treni. Basi toka 1923 timu za shule zinaitwa Viboko, na mwaka 2003 bunge la jimbo likaupa mji cheo cha makao makuu ya viboko Texas. Wako kila mahali, dukani, benki, kwenye nyumba za watu.

Lakini kilichonishika mimi hapa ni udongo. Ni mweusi, mfinyanzi, ule ule wa mbugani kwetu, kiangazi unapasuka nyufa mguu unaingia, mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye viatu. Na kama kwetu ulikuwa wa pamba. Waswidi na Wajerumani walikuja kulima, pamba ikaubeba mji huu miaka na miaka, mpaka leo jineri ya zamani, kiwanda cha kuchambulia pamba, ipo mjini kati, mabati yake yale yale, imegeuzwa ukumbi wa sherehe. Siku nilipoingia mle nilinusa kama mjinga, nikitafuta ile harufu ya mbegu za pamba, haipo.

Shamba limeota nyumba. Mwaka 2000 Hutto ilikuwa na watu 1,250, sensa ya 2020 ikahesabu 27,577. Austin nyumba hazishikiki kwa sisi tunaobeba boksi, barabara ya kulipia ya 130 ikafunguliwa 2006, watu wakaanza kumiminika, halafu 2021 Samsung wakatangaza kiwanda cha chipu cha dola bilioni 17 hapo Taylor, ndo ikawa balaa. Wengi wetu tunalala tu hapa, saa kumi na moja asubuhi 79 ni taa nyekundu mwanzo mwisho, jirani yangu wa kulia nina miaka minne hapa na jina lake nimelijua mwaka huu. Na nyumba zenyewe zimejengwa juu ya ule udongo, yangu ilipasuka ukuta juu ya mlango kabla haijatimiza miaka mitatu, aliyeijenga akaniambia ni kawaida, nimwagilie maji kuzunguka msingi kiangazi usinywee. Ndo ninachofanya, nalaza mpira wa maji jioni kama namwagilia mchicha.

Mama alikuja kututembelea Julai akanikuta nashika mpira. Akachota udongo kwenye ufa, akausugua kwa vidole, akauliza hapa mnalima nini? Nikamwambia hatulimi mama, tunakaa tu. Akanyamaza, akauliza nani alikaa hapa kwanza.

Hiyo nilikuwa nayo, maana nilishasoma nikashindwa kuisahau. Kabla reli haijafika, kabla ya James Hutto kutoa jina lake, kati ya watu wa kwanza kabisa kukaa eneo hili alikuwepo mtu mweusi anaitwa Adam Orgain. Mtumwa. Aliyemmiliki alimweka huku kwenye mbuga achunge mifugo. Mji mzima sanamu za mnyama aliyetoroka treni siku moja, na sisi Waswahili tunajua kiboko ni mnyama na ni mjeledi pia, uliokatwa kwenye ngozi yake, kwa hiyo mi kila nikimpita yule wa jirani anayenijia kichwani ni Adam.

Nikamhadithia mama yote. Alisikiliza huku bado kashika lile bonge la udongo, halafu akauliza kama Msukuma yeyote angeuliza, alikuwa na ng'ombe wangapi?

Nikamwambia hawakuwa wake, mama.